Mkazi wetu ni mama aliyebadili jinsia, na kila siku ya kuoga ni vita. Nifanyeje?

*"Mimi ni Mkenya, muuguzi msaidizi katika makao ya wazee hapa Massachusetts, zamu ya asubuhi. Mwezi uliopita tulipokea mama wa miaka 76 mwenye dimenshia, ugonjwa wa kusahau, iliyo mwanzoni. Siku ya kwanza nilipombadilisha nguo nikaona ana maumbile ya kiume. Sikusema kitu, lakini habari zimeenea. Wenzangu wananong'ona, na wengine huvaa glavu mbili mbili wakiingia chumbani kwake. Akiambiwa ni saa ya kuoga anashika blanketi kwa mikono yote miwili na kupiga kelele, juzi alinikwaruza. Mtoto wake wa kiume anapiga simu akitaka tumwite kwa jina lake la zamani, tumkate nywele, na dawa za homoni zisimamishwe, 'ameshazeeka, za nini tena?' Mimi ni mtu wa kanisa. Sijui kama nikimwita mama ninasema uongo. Sitaki kumdhulumu, wala sitaki kumkosea Mungu. Na je, hii si dimenshia tu inayomchanganya?"*

Dada yangu, umeuliza mambo mengi na nitayapitia yote: jina, imani, homoni na huyo mtoto wake. Ila naanzia kwenye blanketi, kwa sababu hapo ndipo mama huyu anapoumia kila mara, na wewe pia. Mzee anayepigana saa ya kuoga huandikwa haraka kwenye faili kwamba ni mkali, kwamba anakataa huduma. Ninavyoisoma barua yako, huyu hakatai maji. Anaogopa kuvuliwa nguo mbele ya mtu ambaye hajui atamfanya nini akishamwona.

Hofu hiyo ina umri mkubwa kuliko dimenshia yake. Piga hesabu: amezaliwa karibu na mwaka 1950. Sheria ya San Francisco iliyowaruhusu polisi kumkamata mtu kwa kuvaa nguo za jinsia nyingine ilipitishwa mwaka 1863 na haikufutwa hadi 1974. Ya Chicago, ya mwaka 1851, ilianguka mahakamani 1978. Maana yake ni kwamba akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mtu kama yeye angeweza kulala rumande kwa sababu ya gauni. Na hapo Boston, katika jimbo lenu, Novemba 1998, Rita Hester, mwanamke mweusi aliyebadili jinsia, aliuawa kwa kisu nyumbani kwake mtaa wa Allston. Kumbukumbu yake ndiyo iliyozaa siku ya Novemba 20 ambayo sasa huadhimishwa nchi nyingi kwa ajili ya watu kama yeye waliouawa. Ikiwa mama wenu alikuwa akiishi jimbo hilo wakati ule, hakukosa kusikia.

Hospitali nazo hazikuwa kimbilio. Robert Eads wa Georgia alizaliwa na mwili wa kike akaishi kama mwanamume. Mwaka 1996 aligundulika kuwa na saratani ya ovari. Madaktari zaidi ya kumi walikataa kumtibu, baadhi wakihofia wagonjwa wao wengine wangesemaje. Alipopata hospitali iliyompokea, saratani ilikuwa imeshasambaa, naye akafariki Januari 1999. Kabla yake kuna Billy Tipton, mwanamuziki wa jazi, aliyefariki Spokane mwaka 1989 akiwa na miaka 74 kwa kidonda cha tumbo kilichovuja damu. Alikuwa amekataa kuitiwa daktari. Wahudumu wa dharura walipomfungua nguo ndipo mwanawe aliyekuwa chumbani akajua kwamba baba yake alizaliwa na mwili wa kike. Wazee wa kizazi hiki walijifunza mapema kwamba mtu akishakufungua nguo, lolote laweza kufuata. Ndiyo sababu wengi wao, wakifika kwenye makao ya wazee, huanza kujificha upya baada ya kuishi miaka mingi kwa uwazi: wanaficha picha, wanakaa kimya, wanashika blanketi.

Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni hapana. Dimenshia haimfanyi mtu awe mwanamke. Ameingia kwenu tayari akiwa na jina lake, nguo zake na dawa zake za homoni, na hivyo ni vitu vya mtu aliyekwisha kupanga maisha yake muda mrefu kabla ya kuanza kusahau. Wala si ugonjwa wa akili. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka 2019 orodha mpya ya magonjwa ambayo imeliondoa jambo hili kwenye sura ya magonjwa ya akili. Na yeyote anayekwambia haya ni mambo ya Wazungu tu, mkumbushe kwamba mwaka 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru baraza la mitihani la taifa libadilishe jina kwenye cheti cha Audrey Mbugua. Ni Mkenya mwenzetu.

Sasa tuingie chumbani. Namna ya kumwogesha nitakayokueleza haikubuniwa kwa ajili ya watu waliobadili jinsia. Ilibuniwa kwa wazee wenye dimenshia wanaoogopa bafu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutoka makao ya wazee ya Marekani ulionyesha kwamba matukio ya ukali yalipungua kwa zaidi ya nusu ilipotumika. Mwache kitandani. Chukua taulo kubwa, ichovye kwenye maji ya moto ya kiasi yaliyotiwa sabuni isiyohitaji kusuuzwa, ikamue, kisha mfunike nayo kuanzia shingoni hadi miguuni huku ukivuta shuka aliyojifunika kutoka chini ya taulo taratibu. Juu ya taulo hiyo weka kavu ili joto lisitoke. Unamwosha kwa kumkandakanda juu ya taulo, mkono, kifua, tumbo, mguu, bila kumwacha wazi hata dakika moja. Zamu ya sehemu za siri ikifika, mpe yeye kitambaa chenye maji moto mkononi na umwambie, "Mama, hapa utajiosha mwenyewe, mimi nitakushikia shuka." Kama mikono yake bado ina nguvu, ataweza. Akishindwa, malizia wewe chini ya shuka, ukimwambia kila unapogusa kabla hujagusa.

Awe ni mtu mmoja, saa ileile, mlango umefungwa na pazia limevutwa. Omba msimamizi akuachie wewe siku zake za kuoga kwa wiki kadhaa, maana ameshaona kwamba hukupiga yowe siku ile ya kwanza, na huo ni mtaji. Kama kunyanyuliwa kunahitaji watu wawili, wa pili aingie wakati wa kunyanyua na atoke. Na uso wako, dada yangu, uwe uleule unaompa bibi wa chumba cha pili. Wazee wenye dimenshia husahau jina lako lakini husoma uso wako vizuri sana.

Kuna jambo moja dogo ambalo walezi wengi hulipita: ndevu. Homoni za kike hulainisha ngozi lakini hazifuti ndevu zilizokwisha kuota ujanani. Kama hakuwahi kuziondoa kwa matibabu ya ngozi, zitatokeza kila asubuhi, na pengine kwa miaka hamsini hakuna binadamu aliyewahi kumwona nazo. Kumpeleka kwenye chumba cha chakula bila kumnyoa ni sawa na kumtoa nje bila nguo. Mnyoe kabla ya kifungua kinywa: kitambaa cha moto usoni kwanza, povu, wembe mpya, kufuata mwelekeo wa nywele kwa sababu ngozi ya umri huo huchanika kirahisi na pengine anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kisha mpe kioo. Ombeni jambo hili liandikwe kwenye mpango wake wa utunzaji ili zamu nyingine zisilisahau.

Hizo glavu mbili mbili zikome. Glavu moja inatosha kwa kila mkazi palipo na majimaji ya mwili, na kwake ni hivyohivyo. Virusi vya Ukimwi haviambukizwi kwa kumwosha mtu, na hakuna kitu katika kubadili jinsia kinachoambukiza. Mlezi anayevaa mbili kwa mkazi mmoja tu amemtangaza kuwa mchafu, na mzee anaiona ile jozi ya pili. Minong'ono nayo ni kosa la kisheria, si tabia mbaya tu. Maumbile ya mkazi ni habari za kitabibu, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 ya kulinda siri za wagonjwa inawahusu wote mnaofanya kazi hapo. Anayehitaji kujua ni anayemhudumia, na anahitaji kujua kile tu kinachohusu huduma.

Kuhusu imani yako. Sitakuhubiria, na mimi si mchungaji wako. Lakini hebu tulitazame neno uongo. Ukimwita mama, unamdanganya nani? Yeye anaujua mwili wake, daktari anaujua, faili linaujua, na wewe unaujua. Hakuna aliyeibiwa ukweli. Kwetu mtoto hamchagulii mzee jina la kumwita. Mzee husema mwenyewe anaitwaje, na ukimwita jina alilolikataa umemvunjia heshima hata kama ndilo lililoko kwenye kitambulisho. Umelelewa pia kujua kwamba utupu wa mtu mzima hautazamwi wala hausimuliwi, husitiriwa. Hayo unayoyajua tangu utotoni ndiyo kazi hii inayokutaka uyafanye. Kwa maoni yangu unaweza kumpa mama huyu heshima yote anayostahili bila kubadili hata ibada moja. Ukiteleza kwa Kiingereza ukamtaja kama mwanamume, sema samahani mara moja na uendelee. Maelezo marefu humgeuza yeye kuwa ndiye wa kukubembeleza wewe.

Kama baada ya kuomba na kutafakari bado dhamiri yako inakusumbua, mwambie msimamizi waziwazi mpange zamu. Jambo lisilokubalika ni mzee kulala na nepi iliyolowa kwa sababu kila anayepita mlangoni ana lake moyoni.

Tuje kwenye mwili wake, kwa sababu heshima bila ujuzi haitoshi. Kanuni tunayoitumia ni rahisi: tunza kilichopo. Ana maumbile ya kiume, basi usafi wake ufuate maumbile hayo, pamoja na kurudisha govi mahali pake kama lipo baada ya kuosha au kuweka katheta, yaani mrija wa mkojo. Ana tezi dume, na tezi hiyo hubaki hata kwa waliofanyiwa upasuaji. Inaweza kuvimba na kuzuia mkojo. Mzee asiyeweza kujieleza akianza kuhangaika, tumbo la chini likawa gumu na nepi ikawa kavu kwa saa nyingi, mwambie muuguzi kwamba kibofu kipimwe. Usikubali kuambiwa ni dimenshia imezidi. Daktari naye ajue kwamba kipimo cha damu cha tezi dume hushuka kwa anayetumia estrojeni, homoni ya kike, kwa hiyo namba inayoonekana ya kawaida inaweza kuficha tatizo. Kwa sababu ana matiti yaliyokua kwa homoni, uvimbe wowote uripotiwe. Tazama pia ngozi ya kinena: baadhi ya kina mama hawa wamezoea kubana maumbile kwa chupi za kubana sana, na uzeeni, penye mkojo na jasho, hapo huota vidonda na fangasi. Usimnyang'anye chupi hizo kwa nguvu. Mtafutieni laini zaidi inayobana kidogo, na zivuliwe usiku.

Na homoni? Mtoto wake anauliza za nini tena. Mwaka 2014 bima ya serikali ya wazee nchini Marekani iliondoa marufuku yake ya tangu miaka ya 1980 dhidi ya upasuaji wa kubadili jinsia, na aliyefungua shauri lililoiondoa alikuwa Denee Mallon wa Albuquerque, askari mstaafu wa miaka 74. Uzee haukumfanya aone kwamba hana tena haja ya kuwa yeye.

Kitabibu, mizani ina pande mbili na sitakuficha hata mmoja. Estrojeni, hasa ya vidonge, huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na hatari hiyo hupanda kwa mzee, mvutaji sigara, aliyewahi kupata kiharusi au asiyetembea. Kiraka cha kubandika kwenye ngozi kina hatari ndogo kuliko vidonge. Kama anatumia pia spironolaktoni ya kuzuia homoni za kiume, dawa hiyo huteremsha shinikizo la damu, huongeza safari za chooni na hupandisha potasiamu, kwa hiyo asimame polepole na damu yake ipimwe. Upande wa pili: kusimamisha ghafla kunaweza kuleta vipindi vya joto kali, usingizi kukatika na huzuni nzito, na mwili unaweza kuanza kurudi kule alikotoka bila yeye kuelewa kwa nini. Kwa aliyeondolewa korodani, kukosa homoni zote huila mifupa pia. Mara nyingi daktari hupunguza kipimo au huhamia kwenye kiraka badala ya kufuta dawa. Lakini huo ni uamuzi wa daktari anayemwona, akizungumza na mama mwenyewe kadiri anavyoelewa. Si wa mtoto kwa simu, wala si wa mlezi "kusahau" kubandika kiraka. Ukikikuta kimebanduka usikitupe wazi, mwite muuguzi.

Huyo mtoto mstahi, lakini usimtii. Kuwa mtoto wa mtu peke yake hakumpi mamlaka juu ya nywele, nguo na jina la mzazi wake. Waulize wauguzi kama mama aliwahi kumteua wakala wa afya, mtu wa kumwamulia matibabu, kwa maandishi, na ni nani. Huenda ni rafiki wa miaka mingi ambaye hakuna aliyemwita, maana wengi wa wazee hawa walikataliwa na ndugu na wakajitengenezea jamaa wao wenyewe. Hata wakala halali huanza kuamua pale tu daktari anapothibitisha kwamba mgonjwa hawezi tena, na anapaswa kuamua kama mgonjwa mwenyewe angeamua. Dimenshia ya mwanzoni haimnyimi mtu uwezo wa kusema anaitwa nani. Sheria ya shirikisho ya makao ya wazee ya mwaka 1987 inampa kila mkazi haki ya heshima, faragha na kutolazimishwa. Jimbo lenu lilipitisha mwaka 2018 sheria ya kuwafundisha wahudumu wa wazee kuhusu watu hawa, na mwaka 2024 likapiga marufuku kumbagua mkazi wa makao ya wazee kwa utambulisho wake wa jinsia. Mtoto huyo akipiga simu tena, mjibu, "Nimekusikia, muuguzi msimamizi atakupigia," ukate hapo. Kisha omba kiitishwe kikao cha mpango wa utunzaji, na mama awepo. Sidhani huyo mtoto ni mtu mbaya. Inawezekana bado anaomboleza baba ambaye anahisi alimpoteza, na mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa hapo anaweza kumsikiliza vizuri kuliko wewe ukiwa na nepi mkononi.

Jiandae pia kwa siku ngumu zijazo. Dimenshia ikiendelea, inawezekana asubuhi moja akajitaja kwa jina la zamani, au aushangae mwili wake. Hakuna kanuni moja ambayo wataalamu wote wameikubali hapa. Mimi hufuata hivi: mfuate yeye alipo siku hiyo, usimbishie, usimsahihishe, mwite anavyotaka kuitwa asubuhi hiyo, na kesho umsikilize upya. Andikeni yanayotokea. Wakati huu akili bado inatulia, mwulizeni na muandike matakwa yake: jina, nguo, nani ajulishwe akiugua, avikwe nini siku akifariki. Maneno yake yakiwa kwenye faili, hakuna atakayeitumia siku moja ya kuchanganyikiwa kufuta maisha yake.

Mwite muuguzi au gari la wagonjwa bila kusubiri ukiona mguu mmoja umevimba na una joto, pumzi inakatika, kifua kinauma, uso umepinda upande mmoja, mkojo una damu au hautoki, au amechanganyikiwa ghafla kuliko jana. Mchanganyiko wa ghafla mara nyingi ni maambukizi au dawa, na hutibika. Ukiona michubuko usiyoielewa, au mtu akimvuta, akimdhihaki au akimwacha bila kumbadilisha, wewe kama mfanyakazi wa makao ya wazee una wajibu kisheria wa kuripoti. Anza na msimamizi. Usiposikilizwa, kila makao lazima yabandike ukutani jina na simu ya mtetezi wa jimbo wa wakazi wa makao ya wazee. Huduma yake haina malipo, na hata wewe mlezi unaweza kumpigia.

Na ule mkwaruzo wa juzi, uoshe, uuandikishe kwenye ripoti ya tukio, na uliza kama chanjo yako ya pepopunda bado ina nguvu. Katika ripoti usiandike tu kwamba alikushambulia. Andika kilichotangulia: ulikuwa umesema nini, nani mwingine alikuwamo chumbani, na shuka ilikuwa wapi.